Chumba cha Uvira, ndagala wa Lweba: hesabu ya kurudi chuo

Likizo kubwa ikikaribia kwisha, mazungumzo ya kwetu Lweba, Fizi, huwa ni ya aina moja: chuo gani kina frais ya chini. Mzazi anauliza Uvira wanadai ngapi, Bukavu ngapi, Baraka je, kisha anachagua penye tarakimu ndogo. Naona hapo ndipo pesa ya familia zetu inapopotelea. Frais ni nzito, lakini ina mwisho: unalipa kwa awamu, unapewa bodero, yamekwisha. Chumba, chakula na njia vinarudi kila mwezi, na mwaka wa masomo wa kwetu hauna desturi ya kwisha tarehe iliyotangazwa.

Tuchukue mfano wa chumba cha dola 20 kwa mwezi, na mwenye nyumba anadai garanti ya miezi 6. Kabla kijana hajanunua kalamu, dola 120 zimetoka, na kodi ya mwezi wa kwanza bado. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Wazazi wengi hawaijui, na wenye nyumba hawana haraka ya kuitangaza. Itajeni kwa upole. Kwa chumba hichohicho miezi 3 ni dola 60. Wanafunzi wawili wakikaa pamoja, kila mmoja anatoa 30. Muandikiane karatasi, kiasi cha garanti kiwemo kwa tarakimu na kwa maneno, kwa sababu siku ya kuhama ndiyo pesa ya kwanza kusahaulika. Wala msikimbilie kupanga mara tu tangazo la kufungua mwaka linaposikika. Mtoto ajiandikishe kwanza. Kama ana shangazi Uvira, mitaa ya Kavimvira au Kalundu, alale kwake mpaka masomo yaanze kweli.

Kwenye chakula, mtoto wa Lweba ana nafuu ambayo mwenzake wa mjini hana, na inasikitisha kuona wengi wanaiacha nyumbani. Tangu 2024 uvuvi wa Tanganyika unasimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Kwa hiyo ndagala wanarudi sokoni likizo ikiwa inaisha. Siku za mwanzo kila mtu ana hamu na bei inakaa juu. Subirini kidogo, na mtazame mwezi. Wavuvi wa taa hupata ndagala usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili nyavu hurudi nyepesi, na bei inapanda. Nunueni giza likiwa limekolea.

Kisha mkague. Ndagala wa kuanikwa juu ya mchanga ni rahisi kuliko wa kichanja, ila chukua konzi moja, isugue polepole kiganjani, halafu tazama kilichobaki: ukiona punje za mchanga, ujue umepimiwa ufuko pamoja na samaki. Mkunje mmoja pia. Aliyekauka anavunjika kwa mlio. Anayepinda atapata ukungu ndani ya mfuko kabla mwezi haujaisha. Bei ya kichanja inajilipa.

Mihogo mikavu isiyosagwa inadumu kuliko unga, na mashine za kusaga zipo mjini. Mimi humhesabia kijana mmoja kilo 15 hivi za unga kwa mwezi. Ongezeni bidoni ya mawese, ambayo kwetu Fizi hatuinunui kwa bei ya mjini. Makala yaacheni: gunia linakula nafasi, na msafirishaji anatoza nafasi. Wanunue hukohuko na wapike wanne kwenye mbabula moja. Moto wa sufuria moja kubwa ni uleule wa sufuria ndogo.

Njia za kwenda Uvira ni mbili. Barabara ya Taifa namba 5 kwa pikipiki au gari ni ya haraka wakati wa kiangazi, lakini mvua za Septemba zikianza, mito inafurika na nauli hupanda siku hiyohiyo. Boti inabeba mizigo kwa bei nafuu zaidi. Basi mizigo ipande boti, na mtoto naye apande ikiwa tu kuna jaketi la kuokolea kwa kila abiria na boti haijashindiliwa. Hayo yakikosekana, ongezeni nauli ya gari, hata kama itabidi kuuza kuku. Ziwa limezika vijana wengi mno.

Bukavu ina vyuo vikuu vya UOB, UCB na UEA, vyote vikiwa na kitivo cha udaktari, na kwa udaktari ningehangaika kumpeleka. Lakini tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025, mabenki yalifunga, pesa taslimu ikawa adimu, na mawakala wa pesa za simu wakaanza kukata asilimia kwa kila kutoa. Kila mia unayotuma inafika imepungua, tena kwa miezi yote ya masomo. Desemba 2025 vita vikafika Uvira yenyewe. Basi kwa ualimu au usimamizi, kama Baraka inafundisha anachotaka, ningembakiza Baraka, alale nyumbani au kwa ndugu, na kodi yote ibaki mfukoni. Kalemie ina chuo kikuu na boti za kusini, lakini bila ndugu wa kumpokea gharama ya chumba ni ileile, na nyumbani ni mbali zaidi.

Frais ikiwa imepangwa kwa dola, ulizeni kiwango cha kubadilisha kabla ya kupeleka faranga. Mwaka 2025 dola ilishuka kutoka karibu faranga 2,800 hadi chini ya 2,500, na aliyekuwa ameweka akiba ya dola alipata faranga chache kuliko alizotarajia. Anayebeba dola azikague moja moja mchana: noti yenye mpasuko mdogo pembeni hukataliwa dirishani, na mjini atakayeipokea ataikata thamani.