Damu Inavyong'ang'ania Chuma

Katika vyumba vya upasuaji vya Bukavu, iwe Panzi, hospitali aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, au kituo kidogo huko Kadutu, pensi moja ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, huhudumia wagonjwa wengi. Inatoka mezani, inaoshwa, inaingia kwenye otoklavu, inarudi mezani. Usalama wake unategemea tabaka ambalo jicho halilioni.

Chuma kikigusa damu, protini hukivamia ndani ya sekunde chache. Albumini, iliyo nyingi kuliko zote, hutangulia; baadaye huipisha fibrinojeni na nyingine zinazoshika kwa nguvu zaidi. Ndani ya damu protini imejikunja vizuri. Ikitua juu ya chuma hufunguka, sehemu zake zinazokimbia maji hukilalia, na kuibandua huwa kazi. Ikipashwa moto kabla ya kuoshwa, hugandamana kama ute wa yai kikaangoni, na vijidudu vilivyofunikwa chini yake huweza kuukwepa mvuke wa otoklavu. Hapa kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Anayechemsha vyombo vyenye damu kwenye sufuria anapika protini, na mbegu za pepopunda zinabaki hai.

Wanakemia wameamua kuizuia protini isitue kabisa. Hukifunika chuma kwa polima, minyororo mirefu ya molekuli iliyosimama wima na kusongamana. Inayojulikana zaidi ni polietilini glikoli. Kila mnyororo hushikilia maji, na protini haiwezi kukifikia chuma bila kuyafukuza maji hayo na kuibana minyororo, kazi inayodai nishati nyingi kuliko itakayoipata kwa kushika. Basi inapita zake. Polima nyingine hubeba chaji chanya na hasi kwa usawa, na hizo huyashika maji kwa nguvu zaidi.

Kinachonivutia hasa ni jinsi minyororo hiyo inavyotiwa nanga, maana gundi nyingi hushindwa penye maji. Kome wa baharini hushika mwamba hata mawimbi yakimpiga, kwa protini zenye kipande cha molekuli kiitwacho katekoli. Mwaka 2007 kikundi cha Phillip Messersmith, Marekani, kilionyesha kwamba dopamini, iliyo na katekoli hiyohiyo, hujijenga kuwa ngozi nyembamba juu ya karibu kila kitu, inoksi ikiwemo, na polima zikapandikizwa juu yake.

Je, tuagize ngozi hiyo kwa ajili ya pensi zetu? Kwa maoni yangu, bado. Polietilini glikoli huharibiwa polepole na oksijeni, na sioni ikihimili brashi ya kila siku na mvuke wa nyuzi 134. Inafaa zaidi vifaa visivyosuguliwa tena, kama stenti zinazowekwa kwenye mishipa ya moyo.

Lakini somo la maji tunaweza kulitumia leo: damu isiachwe ikauke. Pensi ikitoka tu mkononi mwa daktari, muuguzi aifunike kwa kitambaa kilicholowa, hata siku ambayo mabomba yamekauka na maji ni ya bidoni. Kisha aifungue na kuisugua hadi kwenye maungio, kwa maji yasiyo moto na sabuni ya vimeng'enya, ndipo iende otoklavu. Kuilowesha kwenye maji ya javeli kabla ya kuiosha, desturi ambayo wengi tumeizoea, kunaiumiza: klorini huitoboa inoksi vishimo vidogo, na damu hujificha humo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 hauipendekezi desturi hiyo. Javeli ibaki ya sakafu.