Mkopo usio na riba: Nani hulipa gharama zake?

Mwaka 2001 mjini Lahore, Pakistan, mwanamke mmoja mjane alikopeshwa rupia 10,000 pasipo riba. Alizirejesha zote, na fedha hizo zikakopeshwa mwingine. Ndivyo lilivyoanza shirika la Akhuwat, lililoasisiwa na Dakta Muhammad Amjad Saqib.

Mikopo midogo kwa maskini si jambo geni. Benki ya Grameen ya Bangladesh iliipatia umaarufu ulimwenguni. Lakini mikopo hiyo hutozwa riba, ambayo Uislamu umeiharamisha. Wapo Waislamu wengi wanaoichukua hata hivyo, na wapo wanaoona heri wabaki bila mtaji. Uchunguzi wa taasisi ya CGAP, uliotolewa mwaka 2008, ulikadiria kuwa mikopo midogo inayofuata sharia iliwafikia watu 380,000 tu duniani, yaani nusu ya asilimia moja ya wateja wote wa mikopo midogo.

Kwa nini wachache hivyo? Jibu limo katika utaratibu wenyewe, msikilizaji.

Njia iliyoenea zaidi huitwa murabaha. Fundi akihitaji cherehani, hapewi fedha. Taasisi huinunua, huimiliki, kisha humuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana na pande zote mbili, naye hulipa kwa awamu. Akichelewa, faida haipandi. Lakini ofisa wa mikopo hana budi kwenda dukani, kupatana bei na kudai stakabadhi, yote kwa ajili ya cherehani moja. Ndipo baadhi ya taasisi humkabidhi mteja fedha akanunue mwenyewe, wakabaki na karatasi za mauzo. Hapo ni vigumu kumlaumu mteja anayeuliza tofauti na riba iko wapi. Na mwenye kutaka ada ya shule au gharama za hospitali murabaha haimfai, kwani hana bidhaa ya kununuliwa.

Akhuwat ilichagua njia nyingine: al-qardh al-hasan, mkopo wa hisani, lenye asili moja na neno letu karadha. Anayekopa hurudisha alichochukua, basi. Ili kupunguza matumizi, mikopo imekuwa ikitolewa misikitini, na makanisani pia, na waliokwisha kulipa huombwa nao wachangie. Mwaka 2021 Dakta Saqib alitunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay.

Hata hivyo mfuko wa namna hii una adui asiyekuwa mdaiwa sugu. Mwezi Mei 2023 mfumuko wa bei nchini Pakistan ulifikia takriban asilimia 38. Rupia zilizokopeshwa mwaka uliotangulia zilirudi kwa idadi ile ile, lakini hazikuweza tena kununua kile zilichonunua mwanzo. Mkopaji haruhusiwi kudaiwa tofauti hiyo. Hubaki kuizibwa na wachangiaji, ambao nao bei hizo hizo zimewapunguzia cha kutoa.