Kobalti Imeonekana Shambani Kiabakari? Subiri Kwanza: Namna ya Kusoma Sampuli za Udongo

Ukitoka Bunda kwenda Musoma utapita Kiabakari, pale inapokatia barabara ya kwenda Butiama. Abiria wengi hununua maji, wanaangalia simu, basi linaondoka. Ila chini ya eneo hili kuna historia ndefu ya madini. Dhahabu ilichimbwa Kiabakari tangu miaka ya 1930, enzi za ukoloni, mpaka miaka ya 1960, na jirani tu kuna Buhemba, jina lingine linalojulikana na kila mchimbaji wa Mara. Wachimbaji wadogo bado wapo mpaka leo.

Sasa, kila kobalti inapotajwa kwenye habari za betri za magari ya umeme, au bei ya fedha ikipanda (naongelea fedha ile ya mikufu na pete, siyo noti), swali huja lenyewe: kwani huku kwetu hakuna?

Ni swali zuri. Shida ni namna watu wanavyolijibu. Mtu anaona jiwe lenye rangi ya ajabu, anauza ng'ombe wawili, anakodi vijana, wanachimba duara mita 20 kwenda chini, na hawakuti kitu. Kuna njia ya kuanza kwa gharama ndogo zaidi, nayo ni sampuli za udongo. Lakini nayo ina mitego yake. Karatasi ya maabara inaweza kukupa namba kubwa ya kweli kabisa, halafu ukaielewa vibaya na ukachimba duara lile lile. Makala hii inahusu mitego hiyo.

Udongo unajuaje kilicho chini?

Mwamba ukikaa juani na mvuani kwa maelfu ya miaka, unaoza. Ndiyo, wanajiolojia tunasema mwamba "umeoza". Unageuka udongo, na madini yaliyokuwa ndani yake yanabaki kwenye udongo huo, au yanasogea kidogo na maji na mteremko. Kwa hiyo mkanda wa madini wenye upana wa mita moja unaweza kuacha alama kwenye udongo yenye upana wa makumi ya mita. Ni kama harufu ya sato anayekaangwa: jiko hujaliona, ila unajua ni upande gani wa kijiji.

Hilo linawezekana pale tu udongo ulipozaliwa na mwamba ulio chini yake. Udongo mwekundu wa kwenye miteremko na vilima mara nyingi ni mwenyeji. Ule mweusi wa mbugani, unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, mara nyingi ni mgeni: umeletwa na maji kutoka juu na kujikusanya bondeni. Ukiupima, unapima habari za mahali pengine. Ndiyo maana kazi ya kwanza siyo kuchimba, ni kutembea na kuandika: hapa udongo mwekundu, hapa mweusi, hapa changarawe, hapa mwamba umejitokeza.

Kwenye maeneo yaliyofunikwa hivyo tuna wasaidizi wasiolipwa mshahara, nao ni mchwa. Wanashuka kutafuta unyevu na udongo mzuri wa kujengea, kisha wanaupandisha juu. Watafiti katika nchi kadhaa za Afrika wamekuwa wakipima udongo wa vichuguu kwa sababu hiyo. Kichuguu ambacho mkulima anakiona kero, kwetu ni shimo dogo la utafiti ambalo tayari limeshachimbwa.

Namba za kawaida ni zipi?

Maabara huandika majibu kama "sehemu kwa milioni". Usiogope, maana yake ni gramu kwa tani. Majibu yakisema kobalti 40, maana yake tani nzima ya udongo huo ina gramu 40 za kobalti.

Huwezi kusema namba ni kubwa kama hujui ya kawaida. Kwa wastani, ganda la dunia lina kobalti gramu 25 hivi kwa tani. Fedha haifiki hata gramu 0.1. Ila wastani huo unaficha tofauti kubwa kati ya mwamba na mwamba:

- Graniti, yale mawe makubwa ya mviringo yaliyopangana vilimani: kobalti gramu chache tu kwa tani.
- Basalti, mwamba mweusi au wa kijani kizito uliotokana na lava: gramu 45 hadi 50 hivi.
- Miamba yenye magnesi nyingi sana, inayotoka kina kirefu zaidi: 100 na kuendelea.

Mkoa wa Mara uko kwenye ukanda wa miamba ya kijani, lava za kale zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.6, zikiwa zimezungukwa na graniti. Dhahabu ya Kiabakari, Buhemba na North Mara inatoka kwenye ukanda huu. Kumbuka hilo, maana mtego wa kwanza unaanzia hapo hapo.

Fedha huku haiji peke yake. Inatembea na dhahabu. Hata punje ya dhahabu ya asili ina fedha kiasi ndani yake. Kobalti nayo hupenda kuambatana na wengine. Katanga, nchini Kongo, iko na shaba. Kabanga, wilayani Ngara, iko na nikeli. Kuna mahali fedha na kobalti hukaa kwenye mkanda mmoja: mji wa Cobalt, Ontario, nchini Kanada, ambako fedha iligunduliwa mwaka 1903 wakati reli inajengwa. Kiabakari inajulikana kwa dhahabu. Anayetafuta mengine hapa anatakiwa aangalie kundi zima la elementi, asikodolee macho moja tu.

Kuchukua sampuli

Kazi yenyewe haina maajabu, ila inataka nidhamu.

1. Vua pete na bangili. Fedha ya kawaida kwenye udongo ni chini ya gramu 0.1 kwa tani, kwa hiyo chembe ndogo sana kutoka kwenye pete yako inatosha kuharibu sampuli.
2. Panga mistari inayokata mwelekeo wa miamba, siyo inayofuatana nao. Mfano: mstari hadi mstari mita 100 au 200, na kwenye kila mstari sampuli kila mita 25 au 50.
3. Chimba sentimita 30 hadi 50. Udongo wa juu wenye mizizi na samadi uache. Unataka tabaka la chini yake, lile linalokuwa jekundu zaidi na lenye mfinyanzi.
4. Tumia koleo safi lisilo na rangi, na lifute kabla ya kwenda shimo linalofuata.
5. Jaza kilo moja hivi kwenye mfuko, andika namba, soma GPS, andika rangi ya udongo, mteremko na chochote cha binadamu kilicho karibu: nyumba, barabara, karasha, rundo la marudio.
6. Fukia shimo. Ng'ombe akivunjika mguu, utafiti wako umeishia hapo.

Udongo ukishakauka, chekecha ubaki na ule laini, kwa kawaida chini ya milimita 0.18. Kabla ya kuupeleka maabara, changanya sampuli za ukaguzi: shimo moja lililochukuliwa mara mbili, na udongo ambao majibu yake yanajulikana. Moja kwa kila sampuli 20 ni utaratibu wa kawaida. Usiiambie maabara ni zipi. Majibu ya pacha yakipishana mbali, usiamini yaliyobaki mpaka ujue sababu.

Waulize pia wanasaga kwa kutumia nini. Vinu vya tungsten kabidi ni vigumu na vinapendwa, ila kinachogandisha kabidi hiyo mara nyingi ni kobalti. Utalipia kupima kobalti ya kinu.

Halafu kuna kile kipimo cha eksirei chenye umbo la bunduki. Kinafaa kwa mambo mengi, lakini kwa wawili wetu hawa kina udhaifu. Kiasi cha fedha kilicho kwenye udongo wa kawaida ni kidogo mno, hakioni. Na mwanga wa kobalti unakaribiana sana na mwanga wa chuma, kwa hiyo kwenye udongo mwekundu, ambao wekundu wake ni chuma, mashine inaweza kukuandikia kobalti ambayo haipo. Mtu akikuonyesha "kobalti" kwenye skrini hiyo ili akuuzie eneo, mwambie sampuli iende maabara ikayeyushwe kwa tindikali.

Mitego mitatu

*Mtego wa kwanza: umevuka mpaka, hujagundua mgodi.* Tuseme mstari wako unasoma hivi: 4, 5, 3, 6, 44, 47, 45, 48. Kobalti imepanda karibu mara kumi! Tulia. Imepanda na kubaki juu. Umetoka kwenye graniti ukaingia kwenye basalti, na hizo ni namba za kawaida za basalti. Sampuli za kila mwamba zipange peke yake na uzilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Tumia namba ya katikati badala ya wastani, kwa sababu sampuli moja kubwa mno huvuta wastani wote.

*Mtego wa pili: manganizi.* Sasa tuseme ndani ya basalti unasoma 44, 47, 45, 130, 46. Hiyo 130 inastahili kuangaliwa. Lakini angalia kwanza safu ya manganizi. Vile vidonge vyeusi unavyovikuta kwenye udongo vina manganizi, na manganizi inanyonya kobalti kutoka kwenye maji kama sifongo. Kama kobalti na manganizi zimepanda pamoja huku nikeli, shaba na arseniki zimetulia, inawezekana sana ni udongo wenyewe tu umekusanya. Kama zimepanda kobalti, nikeli na shaba, au kobalti, arseniki na fedha, na mistari ya jirani inaonyesha hivyo hivyo, hapo rudi shambani.

*Mtego wa tatu: binadamu.* Huu ndio mkubwa kwa Kiabakari. Mahali palipochimbwa kwa miongo mingi, mawe yalisagwa, vumbi likapeperuka, na marudio yakasombwa na mvua kwenda chini. Sampuli ukiichukua chini ya rundo hilo itaonyesha dhahabu na fedha, na itakuwa kweli, ila zimetoka kwenye karasha. Zebaki ikipanda kwenye majibu, kisia kwanza kwamba dhahabu ilikamatiwa hapo na wachimbaji. Chimba shimo lingine refu zaidi pale pale: kama alama ni ya mwamba, itaendelea kwenda chini, kama ni uchafu uliomwagwa, kwa kawaida itapungua haraka.

Na hapa kuna jambo kubwa kuliko madini. Sampuli yenye zebaki au arseniki nyingi karibu na kisima au bustani ya mchicha siyo "sampuli mbovu" ya kutupwa. Hiyo ni taarifa ya afya, na serikali ya kijiji inatakiwa iipate hata kama hakuna fedha wala kobalti.

Namba nzuri ikipatikana, halafu?

Tuseme umeipita mitego yote. Bado huna mgodi. Fedha gramu 2 kwa tani kwenye udongo ni alama kali sana, lakini ni gramu 2 tu kwenye tani nzima. Hakuna anayechimba hicho. Kobalti gramu 130 kwa tani ni asilimia 0.013. Hata Kabanga, ambako kobalti iko juu ya hapo mara kumi na zaidi, inategemewa itoke pamoja na nikeli, siyo peke yake. Alama ya udongo inakuambia mahali pa kuangalia tu. Kinachofuata ni mtaro wa kukata alama hiyo mpaka kwenye mwamba, kisha vipimo zaidi, na mwisho uchorongaji.

Kabanga yenyewe ni mfano mzuri. Kati ya mwaka 1976 na 1979 mradi wa UNDP ulichora ramani, ukachukua sampuli za udongo, ukafanya vipimo vya jiofizikia na kuchoronga mashimo 20. Baada ya hapo ilihitajika miongo ya kuchoronga ili kujua kilichopo kina ukubwa gani. Udongo ulifungua mlango; safari ilikuwa bado.

Sheria nayo ipo. Madini ni mali ya umma hata yakiwa chini ya mahindi yako, na kuyatafuta kunahitaji leseni kutoka Tume ya Madini. Kwa upande mwingine, mwenye leseni hapati ruhusa ya kuingia shambani kwako kama kwake. Anatakiwa azungumze na wewe. GST, taasisi ya jiolojia iliyoko Dodoma, ina ramani na maabara. Anzia kwenye ramani, kwa sababu inaweza kukuonyesha kwa gharama ndogo kwamba eneo lako liko kwenye graniti tupu.

Kwa hiyo mtu akija na karatasi yenye namba ya kobalti iliyozungushiwa kalamu nyekundu, muulize maswali manne. Udongo huu ni mwenyeji au mgeni? Uko juu ya mwamba gani? Manganizi inasema nini? Na nani alikuwa anasaga mawe hapa kabla yetu? Kama hana majibu, ng'ombe wako wabaki zizini.