Uganga Mdogo na Mizani Yake: Maji ya Sake katika Mchezo wa Masimulizi

Makala haya yanajadili suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana la kitoto: katika mchezo wa masimulizi unaochezwa mezani kwa dado, karatasi na kalamu, uganga ulio mdogo kabisa upewe nguvu kiasi gani? Mchezo wa aina hii ulio maarufu kupita yote, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji huwa mhusika mmoja wa hadithi. Mwongoza mchezo hueleza mazingira, na pale ambapo jambo lina shaka, dado hukata shauri.

Istilahi yahitaji kuangaliwa kwanza. Hapa tunatumia neno uganga, wala si uchawi, kwa kuwa katika Kiswahili mganga hutibu na kukinga ilhali mchawi hudhuru. Katika Kiswahili cha Kivu tofauti hiyo ni nzito zaidi. Mtu aitwaye mulozi ametuhumiwa jambo ambalo limewahi kuwagharimu watu maisha yao, na mwanafunzi wa Masisi atakayewaongoza wenziwe katika mchezo huu hataweza kuliazima neno hilo kana kwamba ni cheo cha kawaida tu.

Katika kanuni za 1974 mganga aliandaa uganga wake, akautumia mara moja, kisha ukamtoka hadi atakapouandaa tena. Mwaka 1985 uliingizwa uganga mdogo wa kuwasha mshumaa, kufuta vumbi na mambo kama hayo, minne ikihesabiwa sawa na mmoja wa daraja la kwanza. Toleo la 2000 liliendelea kuuwekea idadi kwa siku. Baadaye mwelekeo ukageuka: katika toleo la 2014 mganga hutumia uganga mdogo wakati wowote apendao, bila kikomo.

Upande wa mapigano, mizani hiyo haikuwa ngumu kupatikana. Mshale wa moto wa toleo la 2014 hudhuru kwa dado moja la pande kumi, yaani wastani wa 5.5, na dado huongezeka katika daraja la 5, la 11 na la 17. Askari mwenye upanga huongeza nguvu za mwili wake juu ya dado, na tangu daraja la 5 hupiga mara mbili. Mganga hapitwi mno wala hapiti. Kwa maoni yetu tatizo lenyewe halimo humo. Limo katika uganga usiopiga mtu.

Tuchukue maji. Katika toleo la 2000, kuumba maji na kutakasa chakula na kinywaji vilikuwa uganga wa daraja la sifuri, daraja la mambo madogo. Ni vidogo kwa mtu mwenye bomba jikoni. Tuihamishie hadithi Sake, mji ulio kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu, yapata kilomita 25 kutoka Goma, mahali barabara ya Masisi inapoachana na ile ya Minova na Bukavu. Nchi iliyo baina ya Sake na Goma ni ya lava. Lava ya Nyamulagira ya miaka ya 1938 hadi 1940 ilifika ziwani karibu na Sake. Ardhi ya namna hiyo haichimbiki kisima wala choo kwa urahisi. Mwezi Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, hii ya mwisho ikiwa kwenye barabara hiyo ya Sake, kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 katika mwezi mmoja. Ziwa lilikuwa pale pale. Maji safi ndiyo yaliyokosekana.

Sasa tupige hesabu. Kasisi wa daraja la kwanza katika kanuni za 2000 aliumba yapata lita 7.5 kwa mara moja, tena mara tatu kwa siku: jumla lita 22.5, zaidi kidogo ya bidoni moja la lita 20. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kasisi huyo basi amtosheleza mtu mmoja na nusu. Mchezo wa Pathfinder wa 2009 uliondoa idadi. Zamu moja ya mchezo ni sekunde sita. Kasisi yule yule atatoa lita 75 kwa dakika, lita 4,500 kwa saa, haja ya siku nzima ya watu 300. Watungaji waliongeza sharti kwamba maji yasiyotumiwa hutoweka baada ya siku moja, lakini mwenye kiu hangoji siku moja. Kambi yenye makasisi ishirini haina tena kipindupindu, na hadithi iliyotaka kusimulia Julai ile haina msingi. Haishangazi kwamba toleo la 2014, lililoondoa kikomo cha uganga mdogo, liliupandisha huu wa maji hadi daraja la kwanza.

Kupandisha daraja si njia pekee. Michezo ya kwetu ina maarifa mengine. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, nyumba humpa mwenyewe hiari ya kulala au kusafiri. Akiisha kusafiri, hadhi ya nyumba imekwisha, wala hairudi. Kimbi chaweza kugeuza mwendo wa kete bila malipo, ila si kwa hiari: kete zilizoliwa hapo hupandwa kuanzia kichwa cha upande ule ule, mchezaji apende asipende. Katika omweso wa Uganda, kuchezea upande wa pili kumeruhusiwa kutoka mashimo manne ya mwisho wa kushoto tu, na kwa sharti la kula papo hapo. Hakuna hata moja kati ya uwezo huu uliohesabiwa kwa siku, na hakuna hata mmoja unaoharibu mchezo.

Kwa mwongoza mchezo wa Sake tungechagua njia ya omweso. Kasisi asiumbe maji. Ayatakase tu yale yaliyokwisha kutekwa, bidoni moja kwa mara moja, mkono wake ukiwa juu yake mpaka yatulie. Idadi isiwekwe. Mtu wa kwenda ziwani bado atahitajika, na njia ya ziwani, pamoja na wanaoilinda na wanaoizuia, itabaki ndani ya hadithi.