Kitenzi "Acha" Katika Istilahi za Msaada wa Kisheria

Mwaka 1969 Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunda Kamati ya Msaada wa Kisheria, ili wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili wapate ushauri, na wanafunzi nao wajifunze sheria kwa vitendo. Huduma za namna hii zinazotolewa na vyuo huitwa pia "kliniki za sheria". Asili ya neno kliniki ni neno la Kiyunani lenye maana ya kitanda, kwa kuwa waganga walifundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa kuwa wengi wetu tukisikia kliniki hufikiria wajawazito na watoto, yafaa tangazo lianze na "msaada wa kisheria", istilahi inayolingana na Sheria ya mwaka 2017.

Hata hivyo, jina la huduma si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni maelezo ya mwananchi yanapoandikwa au kufasiriwa. Tuchukue kitenzi kimoja tu: acha.

Mfanyakazi husema, "Nimeacha kazi mwezi uliopita." Akiulizwa zaidi, huenda ikadhihirika kuwa tajiri ndiye aliyemwambia asirudi. Huyo hakuacha kazi, ameachishwa kazi. Tofauti ni viambishi viwili tu, -ish- na -w-, lakini haki yote imo humo. Aliyeachishwa aweza kudai kwamba hakukuwa na sababu halali wala utaratibu wa haki. Aliyeacha kwa hiari yake hana dai hilo. Aidha, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Kosa la karani likigunduliwa baada ya muda huo, itabidi kwanza kuomba kuongezewa muda, tena kwa sababu za kuridhisha.

Katika mambo ya familia, mama husema, "Mume wangu ameniacha." Je, amepewa talaka au ametelekezwa? Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, amri ya talaka hutolewa na mahakama, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Aliyetelekezwa bado ni mke, naye aweza kudai matunzo. Mgawanyo wa mali ya ndoa huamuliwa mahakama inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Mfasiri akiandika "talaka" mahali pa "kutelekezwa", amelibadili shauri lenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) kuacha kazi: mfanyakazi kuondoka kwa hiari yake;
(b) kuachishwa kazi: mwajiri kusitisha ajira;
(c) talaka: kuvunjwa kwa ndoa kwa amri ya mahakama;
(d) kutelekeza: kumwacha mwenzi bila matunzo, ndoa ikiwa bado ipo.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Heshima hiyo ina wajibu wake. Yafaa anayeandika maelezo ayanukuu maneno ya mlalamikaji kama yalivyosemwa, kisha aulize: nani alimwacha nani, lini, na kwa namna gani?