Ua la Usambara lapata kivuli Dubai

DUBAI – Wasomaji wetu wa Muheza na Lushoto huenda wamelipita mara nyingi bila kulitazama: ua dogo la zambarau, majani manene yenye vinyweleo, linaloota kwenye miamba yenye unyevu chini ya miti mikubwa ya Usambara. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Wamarekani wanalipenda kiasi cha kuliundia chama mwaka 1946. Nyumbani, misitu lilikozaliwa imeliwa na mashamba na misumeno, na baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka porini.

Letu tulilinunua hapa Dubai, kwenye duka la miche, likiwa na kibandiko cha Uholanzi. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Ua la kwetu linauzwa kwa dirham, tena lina karatasi safi za kusafiria, ambazo baadhi yetu hatuna!

Bustanini usilipeleke. Kiangazi cha hapa hupita nyuzi 40, nalo linataka nyuzi 18 hadi 24, yaani hali ya sebuleni. Liweke karibu na dirisha la mashariki, lipate mwanga wa asubuhi kupitia pazia jepesi. Jua la mchana huunguza majani. Lisikae mbele ya kiyoyozi, maana upepo wake ni mkavu. Sisi tumeweka chungu juu ya sinia la kokoto zenye maji, chungu chenyewe kisiguse maji.

Kumwagilia ndiko kunakoua mengi. Subiri udongo wa juu ukauke, mimina maji kwenye kisahani, na baada ya nusu saa mwaga yanayobaki. Maji ya bomba hapa wakati wa kiangazi hutoka ya moto kama ya chai, kwa hiyo yaache kwenye jagi yapoe. Yakiwa baridi sana nayo huacha mabaka kwenye majani.

Kuzalisha ni rahisi kuliko muhogo. Kata jani lenye kikonyo cha sentimita tatu hivi, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, ufunike kwa mfuko wa plastiki. Baada ya miezi miwili au mitatu vichipukizi hutokeza. Vyetu vinne tumeshavigawa kwa majirani, na kimoja kimevuka hadi Sharjah.