Injini ya Dizeli katika Land Rover Kuukuu

Yako magari ya barabara njema, na yako magari ya mahali pasipo barabara. Gari la barabara njema likifika penye matope au mchanga mwingi hukwama upesi, kwa sababu injini yake huzungusha magurudumu mawili tu. Gari la mahali pasipo barabara laweza kuzungusha yote manne; mawili yakiteleza, mawili mengine huenda yakashika ardhi na kulitoa. Mojawapo la magari hayo, lililopata sifa duniani pote, ni Land Rover ya Uingereza.

Asili yake ni hii. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mkuu wa mafundi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales. Shambani alitumia Jeep, gari la Kimarekani lililobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Aliona ya kuwa Jeep ile ikichakaa hana gari jingine la kushika mahali pake; basi akaazimu kampuni yake itengeneze gari la namna hiyo. Lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Siku zile chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo mabati ya mwili wake yalifanywa kwa aluminiamu, madini mepesi yasiyoliwa na kutu kama chuma. Baadaye magari hayo yalienea Afrika ya Mashariki pia, yakachukua waganga, mabwana shamba na walinzi wa wanyama katika njia zilizoshinda motokaa nyingine.

Land Rover za kwanza zilikuwa na injini ya petroli yenye nguvu za farasi 50 hivi. Injini ya dizeli ilianza kutiwa kiwandani mwaka 1957, walakini nyingi ziliendelea kutoka na injini ya petroli. Gari la petroli la namna hiyo hunywa mafuta mengi, na mwenye gari huona fedha zake zikiteketea. Tena injini huchakaa, hali mwili wa gari ungaliko.

Mwaka 1989 kampuni ilitoa gari jingine, jina lake Discovery. Ndani yake ilitiwa injini ya dizeli ya lita 2.5, iitwayo 200Tdi, yenye nguvu za farasi zaidi ya 100. Walakini sehemu nyingi za mwili wa Discovery ni za chuma, na katika Uingereza chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hula chuma. Kwa hiyo Discovery nyingi zilioza mwili hali injini zao ni nzima. Hapo mafundi wakapata shauri: gari moja limekufa mwili, moyo ni mzima, jingine moyo umechoka, mwili ungali mzima. Kwa nini moyo wa lile usitiwe katika hili?

Kabla ya kueleza kazi hiyo, yafaa kujua tofauti ya injini hizi mbili. Katika injini ya petroli, mafuta huchanganywa na hewa, na mchanganyiko huingia ndani ya silinda. Pistoni huubana, kisha cheche ya umeme kutoka katika plagi huuwasha. Injini ya dizeli haina cheche. Mtoto aliyekwisha kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli ajua ya kuwa pampu hupata moto mkononi. Sababu yake ni hii, hewa ikibanwa hupata joto. Katika silinda ya dizeli hewa peke yake hubanwa mpaka nafasi yake yapata kuwa sehemu moja ya 20 ya ile ya kwanza, na joto lake hupita digrii 500. Ndipo mafuta husukumwa ndani kwa nguvu, kama ukungu mwembamba, nayo huwaka yenyewe. Aliyevumbua njia hiyo ni Mjerumani, Rudolf Diesel, na injini yake ya kwanza iliyofaulu ilijaribiwa katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Injini ya namna hii hutumia mafuta machache kuliko ya petroli kwa kazi ileile, na huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Lakini huwa nzito, maana kuta zake hazina budi kuwa nene zistahimili mbano huo.

Kazi ya kubadili injini huanza kwa kupima, si kwa kufungua. Kwanza fundi hukagua chesisi, yaani mifupa ya gari iliyo chini. Mwili wa Land Rover ni wa aluminiamu, bali chesisi yake ni ya chuma. Fundi huigonga kwa nyundo kutoka mbele mpaka nyuma na kusikiliza. Palipo pazima hulia kwa sauti kali. Palipooza hutoa sauti ya bubu. Haifai kupakia mzigo mpya juu ya mifupa iliyooza.

Kisha injini ya zamani hutolewa, na ile ya dizeli huinuliwa kwa mnyororo na kapi. Uzito wake wapita kilo 200, kwa hiyo mtu hapasi kusimama chini yake hata kwa dakika moja. Kwa bahati njema, 200Tdi ni ya ukoo mmoja na injini za zamani za Land Rover, nayo yaweza kuunganishwa na sanduku la gia la kale baada ya kubadili bolti na vipande vichache. Hata hivyo viti vyake juu ya chesisi havilingani na vya zamani, hutengenezwa upya. Fundi huangalia sana injini na sanduku la gia vikae katika mstari mmoja ulionyoka, maana vikipishana kidogo tu klachi na beringi huharibika upesi.

Baada ya hayo huja habari ya mafuta. Tangi huoshwa lisibaki petroli, kwa sababu pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe ipitayo ndani yake, na petroli hailainishi. Tena mpira mmoja wa mafuta hautoshi. Mafuta yanayozidi haja ya injini hurudi tangini, basi huwekwa bomba la pili la kuyarudisha. Mwisho hewa yote hutolewa katika mabomba. Hewa hukubali kubanwa, mafuta hayakubali. Hewa ikibaki, pampu huibana hewa bure na injini haiwaki.

Nyaya za umeme nazo hubadilishwa. Injini ya petroli huzimwa kwa kukata cheche. Dizeli haina cheche, huzimwa kwa kuyafungia mafuta. Fundi asiyeunganisha waya wa kifungio hicho ataona ajabu: injini ama haiwaki kabisa kwa kukosa mafuta, ama, ikiwa kifungio kimeondolewa, huwaka na kukataa kuzima. Yatakiwa pia betri yenye nguvu, kwa kuwa si kazi ndogo kuizungusha injini inayobana hewa namna hiyo.

Hayo yote yakiisha, injini ikawaka, mtu asiyejua hudhani kazi imekwisha. Kumbe hatari kubwa bado. Katika magari mengi ya petroli, mguu wa dereva hausukumi breki peke yake. Liko kopo la mviringo karibu na kikanyagio, linalousaidia. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu, mfano wa mtu anyonyaye maji kwa mrija mwembamba. Na kunyonya huko hupelekwa kwa bomba mpaka kopo lile, kukavuta pamoja na mguu. Injini ya dizeli haina mlango huo, hewa yaingia wazi, basi hakuna kunyonya. Kwa hiyo huwekewa pampu ndogo ya kunyonya hewa kwa ajili ya breki.

Fikiri habari ya fundi aliyesahau kuunganisha bomba hilo moja. Gari lawaka vizuri, majirani washangilia, naye aondoka na mzigo kuteremka mlima. Akanyaga breki, kikanyagio ni kigumu kama jiwe, na gari, ambalo sasa ni zito kuliko zamani, lazidi kwenda. Breki ziko, ila nguvu za mguu mmoja hazitoshi. Uhai wa watu umetegemea mpira usiozidi unene wa kidole. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hujaribu breki injini ikiwa inazunguka, kabla gari halijatoka uani, kisha hulijaribu polepole mahali tambarare.

Jambo jingine ni nguvu yenyewe. Vyuma vizungushavyo magurudumu ya Land Rover ya kale vilifanywa kwa ajili ya injini dhaifu. Dereva akiondoa klachi kwa ghafula penye mawe, injini mpya yaweza kuvikata. Ni mfano wa divai mpya na viriba vikuukuu: ubaya si wa divai. Tena gia za ekseli za zamani hufanya shafti izunguke mara 4.7 gurudumu lizungukapo mara moja. Zafaa kupanda mlima, bali barabarani injini hupiga kelele na kuchoka. Wengine hutia gia za 3.54, gari likaenda mbio kwa mzunguko mdogo. Lakini mbio zikiongezwa, breki na usukani ni vilevile vya zamani, na dereva apaswa kukumbuka hayo.

Husemwa ya kuwa dizeli haiogopi maji, kwa kuwa haina cheche ya kuzimwa. Ni kweli nusu. Maji yakiingia katika njia ya hewa hadi silindani, pistoni hujaribu kuyabana. Maji hayabanwi, basi vyuma hupinda na injini hufa palepale mtoni. Hivyo, kabla ya kuvuka, dereva hupima kina cha maji kwa fimbo.

Tena katika Uingereza mwenye gari hupaswa kuiarifu serikali ya kuwa injini imebadilishwa, ili hati za gari zilingane na gari lenyewe.

Basi kubadili injini si kutoa kitu kimoja na kutia kingine. Injini imefungamana na tangi, waya, gia na breki, kama moyo ulivyofungamana na viungo vyote; ukibadilika moyo, kila kiungo chataka kuangaliwa upya. Fundi mwenye haraka husikiliza mngurumo, akafurahi. Fundi mwenye akili husikiliza mngurumo, kisha huinama chini ya gari na taa yake, akafuata kila bomba na kila bolti mpaka mwisho. Mwenda pole hajikwai.